Daktari wa Kadi na Mjane wa Mtaa wa Lagrange

Darrell Szabo alikuwa kwenye duka la mashine za kufulia pale Toledo, akingoja suruali yake pekee ya heshima ikauke, alipoona karatasi ukutani: "Natafuta fundi wa kuongeza kasi ya kompyuta. Kadi ya michoro ni ya bei mbaya, aliniachia marehemu mume wangu. Bi Bernadine Nowak, Mtaa wa Lagrange." Chini yake palikuwa pameandikwa aina ya kadi na namba ya simu. Darrell alisoma mara mbili, akaibandua karatasi na kuitia mfukoni, maana riziki ya namna ile haitaki mashahidi. Kadi kama hiyo, hata ikiwa imetumika, hupati chini ya dola mia tisa.

Kazi yake, tuiite kazi kwa kumstahi, ilikuwa hivi. Ipo programu ya bure ya kupandisha kasi ya kadi ya michoro, kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora picha kwenye skrini. Fundi mwenye utu hupandisha kidogo, akaibebesha kadi mzigo mzito, akatazama joto, na picha ikianza kuota vidoa hurudi nyuma. Darrell alianzia pale wenye utu wanapokomea. Kila mara alivuta kipimo cha kasi hadi mwisho, skrini ikatapika michirizi ya zambarau, mteja akashika kichwa, naye akashusha sauti kama padri kando ya mgonjwa: "Kadi inakufa hii." Kisha akainunua kwa bei ya huruma. Nyumbani, kwenye mashine yake, kadi iliamka nzima, maana haikuwahi kuumwa. Alijiita Daktari. Shahada hakuwa nayo, lakini wagonjwa hawakumkaukia.

Bi Bernadine, bibi wa miaka sabini hivi, alimfungulia mlango akiwa na unga mikononi.

"Ingia, mwanangu. Vua viatu, nimepiga deki."

Darrell akakumbuka soksi yake iliyotoboka. Akaingia hivyo hivyo, Daktari mzima, kidole gumba nje. Akawekewa sahani ya pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vilivyojazwa viazi, na vitunguu vya kukaanga, akala mbili, kisha ya tatu kwa ajili ya adabu.

Kompyuta ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, picha imetulia. Alipofungua programu alikuta kipimo kimevutwa kushoto, kasi imepunguzwa megahezi mia tano.

"Nani aligusa hapa?"

"Labda marehemu Stanley. Mimi huwa nacheza karata tu."

Darrell akachekea moyoni. Alivuta kipimo hadi kulia kabisa. Zambarau ikamwagika skrini nzima.

"Yesu na Maria!"

"Pole sana, Bi Bernadine. Sipendi kusema hivi, lakini inakufa."

"Una hakika?"

"Miaka kumi na tano niko kwenye kazi hii. Wiki haimalizi."

Akamtajia bei ya dola hamsini. Bibi akajifuta macho kwa aproni. Alisema mpiga kinanda wa kanisani ameahidi mia tatu, hata ikiwa imekufa, apate tu ukumbusho wa Stanley. Darrell hakuwahi kumchukia mpiga kinanda yeyote kama alivyomchukia huyo asiyemjua. Akatoa mia tatu na hamsini, ndiyo pochi yote.

"Basi niandikie umeinunua ukijua ni mbovu," bibi alisema, "wanangu wasije wakasema nimetapeliwa."

Aliandika, tena kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi.

Nyumbani aliichomeka kadi, akawasha. Zambarau. Akazima, akaipuliza vumbi, akawasha tena. Zambarau ile ile, na kasi ilikuwa ya kawaida kabisa. Akapiga simu.

"Bi Bernadine, hii kadi ni mbovu!"

"Si uliniambia?"

"Nilikuwa... nilidhani..."

"Mwanangu, miaka ishirini na sita nimetengeneza mashine za michezo kwenye kumbi za mchezo wa bowling. Kadi hiyo ilianza kuumwa Februari. Nikaipunguza kasi mia tano, ikatulia. Nikaweka tangazo, nione nani atakuja."

"Na angekuja fundi mwaminifu?"

"Angeiona hiyo mia tano, akaniambia kadi inakufa. Ningemlipa ada yake, tukala pierogi. Na wewe umeniambia vile vile. Tofauti ni bei."

Katika miaka yote ya udaktari wa Darrell, huu ndio uchunguzi wa kwanza uliokuwa sahihi.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamtia aibu.

"Kalamu unayo?"

Alikuwa nayo. Aliandika kila neno, Daktari akiinamia karatasi: shusha kasi mia tano, ongeza kasi ya feni, joto lisipite nyuzi sabini na tano, pima saa nzima kabla ya kuiamini. Akafanya hivyo. Picha ikatakata kama dirisha lililooshwa.

"Imetulia!" alipiga kelele, kwa furaha ambayo hakuitarajia.

"Vizuri. Ila usimuuzie mtu, itamfia mikononi."

"Sitamuuzia mtu, mama. Nakuahidi."

Bi Bernadine alimsifu kwa hilo, akakata simu akiamini amemwongoa mtu. Darrell hakuwa na moyo wa kumweleza kwamba alikuwa ameshawawazia wanunuzi wote aliowajua Toledo, mmoja mmoja, na hakubaki hata mmoja ambaye Daktari hakuwahi kumtibia kadi; nani angenunua kwake tena?