Sauti ya Pili Msikitini

Jumatano, 5 Juni
Nimepata mbinu! Jumapili korali yetu inachagua shefu mpya wa kutuongoza, na safari hii nafasi ni yangu. Mpinzani wangu Guy ana kinanda. Mimi nitatokea na ile spika kubwa ya Bwana Saidi, Mwislamu anayeuza chisense, wale dagaa wakavu, karibu na bandari. Ila Saidi ataniazimaje bila kunizoea? Basi, Ijumaa naswali naye! Nikamuuliza Pasta Mwewa kama Mkristo anaweza kwenda ibada ya msikitini. Akasema ndiyo, kama mgeni: kaa nyuma, heshimu, usiigize usichokiamini. Mimi nilisikia "ndiyo". Mengine ni maelezo.

Ijumaa, 7 Juni
Safu ya pili! Nyuma nani angeniona? Soksi imetoboka, si kitu. Wakiinama, nainama. Imamu akamaliza kusoma, wote wakaitikia "Aamiin". Jamani! Watu hamsini, sauti moja, hakuna wa kuipamba! Mkongomani wa korali huvumilia mengi, si hilo. Nikapandisha sauti ya pili, ndefu, na mtetemo mwishoni. Nikaona mabega ya Saidi yanatikisika. Baadaye imamu, kwa upole kabisa, akasema nakaribishwa siku yoyote, lakini ile sauti ya pili nani aliniomba? Spika sikuthubutu kuitaja.

Jumamosi, 8 Juni
Guy ametangazia soko zima kwamba nimesilimu, sasa naitwa Huseni. Mke wangu Brigitte akauliza yeye aliolewa na mutu wa namna gani. Nikamweleza ni mbinu. Alicheka mpaka akakaa chini. Imeniuma, kweli.

Jumapili, 9 Juni
Nimeshindwa! Spika ilikuwepo: Guy alikwenda tu dukani kwa Saidi akaiomba. Dakika mbili! Saidi aliileta mwenyewe, akabaki ibadani, benchi la nyuma, kimya, mikono mapajani. Pasta akamshukuru mbele ya wote kwa ugeni wake mzuri, kisha akanitazama mimi. Guy ndiye shefu. Mimi nimesukumwa safu ya mwisho ya korali, nyuma ya kofia ya Mama Eneless. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Jumatatu, 10 Juni
Habari kubwa! Mwadhini wa msikiti amekaukiwa na sauti! Brigitte anasema nisijaribu hata kuwaza. Kwa nini? Pasta alishasema ndiyo. Na adhana anaita mtu mmoja, peke yake, hakuna Guy. Nimekunywa maji ya moto na tangawizi. Natoka sasa hivi.