Kifua Kipya na Bwawa la Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

"Kidonda hakisikilizi hoja." Ndivyo alivyosema daktari wangu wa upasuaji leo asubuhi, huku akinawa mikono, kana kwamba ametamka hekima. Upuuzi mtupu! Kama kidonda hakisikilizi hoja, mbona alikihutubia changu muda wote ule? Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaelekeza kidole mlangoni, akasema kuna mgonjwa mwingine anasubiri. Hoja yangu haikujibiwa. Naandika hapa kwamba nimeshinda.

Amri zake: nisiinue mikono kupita mabega. Nisibebe kitu kizito kuliko birika la chai. Nisivue fulana ya kubana ila ninapooga. Nitembee tu, taratibu, kama bibi harusi. Atanitazama tena Jumatano ya wiki ijayo. Kabla ya hapo hataki kusikia neno bwawa.

Lakini bwawa ndilo lenyewe! Kaka yangu ana saratani, nayo imeingia mifupani. Hospitali imemrudisha nyumbani. Anasema ndani ya maji tu ndipo mwili haumuumi. Ameomba jambo moja: Jumamosi ya tarehe kumi na tano apelekwe bwawani, na mimi niwe majini pamoja naye. Tangu utotoni ananiita majini. Tangu utotoni nakataa. Maji baridi. Nina mafua. Sijamaliza kitabu.

Sikuwa na mafua. Nilikuwa na matiti. Shuleni wavulana waliniita Shangazi.

Sasa sina. Wiki tatu zilizopita yalipunguzwa, na kilichopunguzwa kikatupwa. Nimeandika miaka mingi magazetini dhidi ya wanaume wanaopima utu kwa umbo la kifua, kisha nimekwenda kuchongesha changu. Hakuna mgongano wowote hapo. Anayeuona mgongano amwandikie mhariri.

Kaka hajui. Anayejua ni mke wangu peke yake. Wengine wote nimewaambia nimepasuliwa ngiri.

Jumanne, 4 Machi

Kwa kaka, jioni. Nimemkuta yule shemeji, mdogo wake mke wa kaka. Mnyanyua vyuma. Tunamwita Chuma, naye anaona ni sifa. Shingo kama gogo. Hajasoma kitabu tangu aachane na shule, na shule yenyewe haikumlilia.

Chuma akatangaza kwamba Jumamosi hiyo yeye ndiye atakayemshika kaka majini, kwa kuwa ana mikono ya kazi. Nilisimama. Nikasema damu ni nzito kuliko msuli, na mgonjwa atashikwa na ndugu yake wa tumbo moja. Nikapiga kifua kusisitiza.

Kosa kubwa! Machozi yalinitoka. Chuma akauliza mbele ya watu wote, eti Profesa, hiyo ngiri yako imepanda ghorofani? Wakacheka mpaka mke wa kaka akaweka sinia chini. Kaka naye alicheka. Kisha akakohoa. Akakohoa tena, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Alipopata pumzi alisema tusigombane, maji ya bwawa yanatutosha sote.

Nilimshika mkono wakati wa kuaga. Mwepesi kama mfuko mtupu. Huu ndio mkono uliompasua mdomo kiranja wa darasa letu, siku aliponiita Shangazi mbele ya kaka.

Nitamshika mimi. Si Chuma. Lakini mikono yangu imelegea kwa wiki tatu za kulala chali. Basi mazoezi yaanze kesho! Daktari anazungumzia wagonjwa kwa jumla. Mimi si jumla.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa kwanza: pushapu za ukutani, ofisini, mlango umefungwa. Jumatano zilikwenda vizuri. Jana vizuri zaidi. Kifua kilikuwa kikichoma, jambo linaloonyesha kwamba kinafanya kazi.

Leo katibu muhtasi aliingia bila kubisha. Akanikuta nimeuegemea ukuta kwa viganja, nahema, nimefumba macho. Akauliza kulikoni. Nikasema nakagua ufa. Niliona nimejiokoa. Kumbe mwanamke huyu ni mchapakazi: baada ya chakula cha mchana akaniletea fundi!

Fundi akagonga ukuta huku na huku. Akaweka sikio. Akapapasa rangi. Mwisho akamwambia katibu muhtasi, kwa sauti ya mtu aliyepotezewa muda, kwamba ukuta hauna ufa, na wala hauvuji. Anayevuja ni mzee.

Nikajitazama. Shati lilikuwa limelowa upande wa kushoto. Doa la duara, rangi ya chai ya maziwa.

Nikasema ni jasho. Fundi akasema jasho la upande mmoja hajapata kuliona, akaondoka na ngazi yake.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango wa pili, wa kisayansi zaidi. Kuogelea kitandani! Nalala kifudifudi, kifua kwenye mito miwili, naanza kupiga mikono. Hakuna maji, hakuna hatari. Nilikuwa nimekwishavuka bwawa mara kadhaa mke wangu alipotokea na kikapu cha nguo. Akauliza kama nazama, ili ajue aite watu au aendelee kukunja.

Nilimweleza. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamkumbusha kwamba guu halikupasuliwa. Hapo akaketi kitandani, akaniambia kwa upole, baba watoto, kaka yako hakuomba kushikwa na mwanariadha, aliomba uwepo.

Nikasema nitatafuta methali ya kujibu.

Upande wa kushoto umevimba. Ni msuli. Umeanza kurudi.

Jumatano, 12 Machi

Haukuwa msuli.

Nilifika kliniki nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa na hoja tano, nikaanza na ya nne kwa kuwa ndiyo kali. Nilimwambia daktari kwamba mwili ni raia, si mfungwa. Ukinyimwa mwendo huasi. Nilizungumza vizuri kuliko nilivyowahi kuandika. Daktari hakunikatiza hata mara moja. Nikadhani nimemshinda. Kumbe alikuwa anatazama uvimbe.

Akaubonyeza kwa kidole kimoja. Niliona nyota, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi.

Damu imejaa ndani. Nimevuta nyama zilizokuwa ndiyo kwanza zinashikana. Wakanilaza pale pale, wakafungua sehemu ya mshono, wakasafisha, wakaacha mrija mwembamba wa kutolea majimaji. Muuguzi akaniuliza nilikuwa nabeba nini. Nikasema ukuta.

Kisha daktari akavuta kiti. Akasema leo alikusudia kunipa ruhusa. Mshono wa kulia umefunga vizuri, na wa kushoto ungekuwa vivyo hivyo. Nilimwambia, kwa mara ya kwanza, habari za kaka na Jumamosi. Akasema angeniruhusu kusimama kwenye maji ya kiunoni, mikono chini, na kumshika. Hata nguvu nisingehitaji, kwa sababu mtu anayeelea hana uzito.

Sasa hapana. Mwezi mzima, hapana.

Akauliza kwa nini sikumweleza tangu mwanzo. Nikasema tulikuwa katikati ya mjadala.

Jumamosi, 15 Machi

Bwawani.

Nimevaa shati la mikono mirefu, fulana ya kubana ndani yake, na mrija umefichwa chini ya koti. Joto kali. Watoto walikuwa wananitazama kama karani wa kodi aliyepotea njia.

Chuma alimbeba kaka kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Alimbeba vizuri. Sitaki kuandika hivyo lakini nimeandika. Alishuka ngazi za bwawa kinyumenyume, polepole, akimwambia bado kidogo shemeji, bado kidogo, haya, umefika. Maji yakampokea. Nikauona uso wa kaka ukilegea, kipande kwa kipande, kwanza paji, kisha taya. Akaelea. Sijamwona hivyo tangu mwaka jana. Mkono wa Chuma ulikuwa chini ya mgongo wake, umefunguliwa tu, kama mtu anayeshika sahani.

Nguvu haikuhitajika kabisa!

Kaka akageuza kichwa, akaniita. Ingia, mdogo wangu. Nikasema nina mafua. Jua lilikuwa linapasua mawe, na mimi nasema nina mafua.

Akamwomba Chuma amsogeze ukingoni. Nikachuchumaa. Akaniuliza, taratibu ili mwingine asisikie, kama bado nawaogopa wale wavulana. Akasema niache, aliwapiga wote, hakubaki hata mmoja.

Alijua! Miaka yote hiyo alijua kwamba si mafua, na kila mara aliniita.

Nilishika kifungo cha shati. Nilitaka kumwonyesha: tazama kaka, yamekwisha, nilikuwa nakuja. Lakini Chuma alikuwa pale pale, ana macho mawili na mdomo mkubwa. Nikaacha kifungo. Nikasema maji yanaonekana mazuri. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno kwenye jukwaa lolote. Maji yanaonekana mazuri!

Kaka akasema ni mazuri kweli. Kisha akafumba macho, Chuma akamrudisha katikati.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kumweleza kaka kila kitu. Amelala. Mkewe akasema uchovu wa jana, lakini ni uchovu wa raha. Nikaketi mpaka jioni. Hakuamka. Nikamtazama Chuma akimgeuza ubavu, akaniuliza ngiri inaendeleaje. Nikasema inaendelea.

Nitamweleza kesho.

Ijumaa, 21 Machi

Kaka alifariki juzi, asubuhi, mkewe akiwa anampangusa uso. Jumatatu nilikwenda, alikuwa amelala. Jumanne nilikwenda, alifumbua macho, akaniita kwa jina la baba yetu. Sikumsahihisha.

Mazishi ni kesho. Daktari nimempigia simu. Anasema nisibebe chochote, na jeneza nisilikaribie. Mke wangu anasema nitembee nyuma yake tu, kaka ataelewa. Wote wawili wana hoja dhaifu. Kaka hataelewa chochote, kuelewa kumekwisha.

Nimekuwa chumbani tangu mchana nikifanya majaribio na ubao wa kitanda. Begani, hatua kumi kwenda, hatua kumi kurudi. Upande wa kushoto umeachia kidogo. Kidogo tu! Nimeweka taulo.

Basi ninyi mliopangwa kulibeba jeneza la kaka yangu kesho, na wewe Chuma hasa, uliyewekwa mbele kushoto bila mtu kuniuliza: nafasi hiyo ni yangu. Msiniambie nipumzike. Msinishike kiwiko. Msitazame shati langu. Sogeeni.