Kitufe cha Kigari Kinachoteleza

Jumatatu, 4 Machi

Gari jipya limefika! Jeupe, milango inajifunga kwa heshima. Mama Keki, bosi wetu wa duka la keki, anataka dereva mmoja tu wa kulishika. Mimi au Breki. Breki ni dereva mwenzangu, husimamisha gari kumpisha hata kuku aliye ndani ya ua wake. Ushindani gani huo! Kwenye dashibodi kuna kitufe chenye picha ya kigari kinachoteleza. Breki akauliza ni cha nini. Nikamwambia madereva wa kimataifa hatuulizi. Jioni nikakimbia kwa shemeji, mume wa dada, fundi magari. Akasema kinazuia mtelezo: tairi zikizunguka bure, gari lenyewe linapunguza nguvu. Ukinasa kwenye tope au mchanga, kizime, tairi zijikwamue. Ukishatoka... Akaendelea, lakini nilishaelewa. Mimi huelewa haraka.

Jumanne, 5 Machi

Nyota yangu inawaka! Breki kanasa kwenye tope nyuma ya jiko. Anakanyaga mafuta, gari limenuna. Nikamwambia apishe mabingwa. Nikazima kitufe, mafuta kidogo kidogo, mbele, nyuma, mbele. Likachomoka! Wapishi wakashangilia kwa kugonga masufuria. Tope lote likamrukia Breki. Nikampa shati langu la akiba, sina roho mbaya. Mama Keki katamka: kesho nipeleke keki ya harusi, ya ghorofa tatu. Ikifika salama, ufunguo ni wangu!

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Lami inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikapiga hesabu: kama kuzima kumeshinda tope, kwenye lami si nitapaa? Nikazima. Shangazi wa bibi harusi, kakaa nyuma na keki mapajani, akauliza mbona kuna taa ya njano inawaka, baba. Nikamjibu ni taa ya mabingwa. Kwenye mzunguko gari likageuka, likatazama tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Ila ghorofa mbili za keki zilihamia kwa shangazi. Nilimpangusa nyusi kwa mkono wangu mwenyewe. Akasema nikioa nimwalike, atakuja kwa miguu.

Ufunguo kapewa Breki. Breki!

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji kafoka mpaka spana ikamtoka mkononi. Kwenye lami yenye maji hakizimwi! Kazi yake ndiyo hiyo, kukushika usiteleze! Sawa, shem, usipasuke. Nimeelewa safari hii. Hakiguswi.

Ijumaa, 8 Machi

Simu! Breki, sauti ya kulia. Kanasa kwenye mchanga mlangoni mwa ukumbi, keki nyingine ndani, wageni wamekaa. Akanibembeleza: kaka, siku ile ulifanyaje? Ningeweza kumwacha azame. Lakini moyo wangu ni siagi. Nikamwambia kwa upole wa mwalimu: ndugu yangu, hicho kitufe usithubutu kukigusa, kanyaga mafuta tu. Akatii, mtoto wa watu. Tairi zikazama mpaka kwenye rimu. Keki ikaingia ukumbini begani kwa bwana harusi, suruali kaikunja magotini.

Mama Keki kauficha ufunguo. Kasema kuanzia kesho ataendesha mwenyewe. Maskini mama wa watu! Peke yake, kwenye gari la kisasa, bila mtaalamu wa kumwelekeza? Siwezi kuruhusu. Kesho asubuhi atanikuta nimeshakaa kiti cha pembeni, mkanda nimefunga.