Mtoto Aliyemaliza Kabla ya Wenzake

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mokami katolewa darasani tena. Kosa lake: hatulii. Watoto tisini na sita walipewa hesabu, yeye kamaliza kabla mwalimu hajamaliza kuziandika ubaoni. Halafu kamwuliza Mwalimu Godwin kwa nini kivuli cha mlingoti wa bendera asubuhi ni kirefu na saa sita ni kifupi. Kaambiwa tulia. Katulia dakika mbili. Kauliza tena, eti kivuli kinaweza kuisha kabisa? Nje!

Dada Elieth, mama yake, kafoka sana. Kasema mtoto wa kike ana miaka saba na maneno ya mzee wa mila. Kesho akae kama wenzake, asome kama wenzake, afunge mdomo kama wenzake.

Mimi nilikuwa pembeni nachonga mpini wa jembe. Huwa sisemi. Lakini naangalia. Mimi shule niliishia la nne, na miaka yote hiyo nilikuwa naangalia dirishani kwa sababu sielewi. Mokami anaangalia dirishani kwa sababu amemaliza. Mwalimu yeye anaona shingo tu, zote zimegeukia upande mmoja.

Apewe ngumu. Ni hilo tu. Mtu aende akaseme.

Siyo mimi. Nikisimama mbele ya mwalimu magoti yanacheza mpaka leo.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata akili! Barua. Bila jina. Barua haina magoti.

Nimeandika tangu jua linatoka. Mistari mitano. Kwamba Mokami wa darasa la pili siyo mkorofi, ila kazi zinamwishia mapema. Apewe za la nne. Akiuliza ajibiwe. Mwisho nikaweka: Ni mimi mwananchi ninayeona. Nimelisoma hilo mara nyingi, limekaa vizuri sana.

Walimu walipokwenda kunywa chai nikaipitisha chini ya mlango wa ofisi. Nikakimbia kupitia kwenye migomba. Nimepoteza kandambili moja. Siyo mbaya.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa!

Mwalimu Godwin ndiye aliyeiokota. Kasema mwandiko ule ni wa mtoto mdogo, herufi kubwa kubwa, mistari inapanda mlima. Sasa mtoto gani mdogo ana shida na mambo ya Mokami? Mokami mwenyewe! Kamlimisha bustani ya shule kipindi kizima, kwa kosa la kujisifu kwa maandishi.

Aliporudi na matope nikamwuliza kwa nini hakukataa. Kasema aliujua mwandiko wangu tangu mstari wa kwanza. Lakini akaona nikitajwa nitaona aibu. "Wewe mjomba unaona aibu haraka," kasema, kama vile yeye ndiye aliyenilea.

Sikuweza kula. Nilikula kidogo.

Baadaye nikaenda shule kusema ukweli. Nilifika mpaka kwenye mlingoti. Nikarudi.

Alhamisi, 14 Agosti

Ajabu! Barua imefika kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Scholastica, na yeye hakukasirika. Kamwita Elieth ofisini. Kamwambia kama kweli mtoto wa la pili kaandika vile, basi anamtaka. Jumanne atampima mwenyewe, kusoma, hesabu na maswali ya kufikiri. Akiweza, hesabu atasoma na la nne. Na kila mchana atakaa na mwalimu mkuu nusu saa, aulize chochote anachotaka.

Nusu saa ya kuuliza! Mokami kazunguka nyumba akiyapanga maswali kichwani. Anayo arobaini na moja. La kwanza ni kwa nini kuku hakojoi.

Kwa hiyo akili yangu imefanya kazi. Mimi nimefanya hili. Mimi Machage wa la nne. Na hakuna hata mtu mmoja katika kijiji kizima cha Itiryo anayejua, kwa sababu barua haina jina. Nimelifikiria hili zaidi ya ilivyotakiwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo nimeharibu.

Nilikwenda kunywa chai kibandani kwa Precious. Heche yupo. Heche huyu anauza viatu Sirari, mpakani, akirudi huku anaongea Kikenya na kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Anamsifia mtoto wa kaka yake anayesoma shule ya Kiingereza. Eti anataja miji mikuu ya nchi zote bila kupumua. Halafu kanigeukia. "Na wako je, mura? Si ndiye yule anafukuzwagwa darasani kila siku? Pole sana, buda." Watu wakacheka. Precious naye akacheka, na chai yake nimeinywa miaka sita.

Nikasema! Mimi ambaye sisemi. Nikasema Mokami akiangalia kitu mara moja tu anajua idadi yake. Wakasema mlete. Nikamleta.

Alikuwa hataki. Alinishika shati akasema mjomba, watu wengi. Nikamwambia ni kidogo tu.

Wakati huo ng'ombe wa Mzee Mogesi wanapita kutoka mtoni. Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa sauti, "Mokami, wangapi?"

"Sitini na saba," kasema hapohapo. "Na yule mwekundu wa pembe moja leo hayupo."

Nikasubiri makofi. Heche kavua miwani.

Kwetu huku ng'ombe wa mtu huwataji idadi. Unasema wapo, basi. Ukitaja umewapunguza. Kila mtu anajua. Mimi najua! Nimechunga tangu nikiwa na miaka mitano. Lakini pale nilikuwa nasikiliza makofi ambayo hayajapigwa.

Mzee Mogesi yuko nyuma ya mifugo yake, kasikia. Kauliza taratibu huyu ni mtoto wa nani. Mikono yote ikanionyesha mimi.

Jumapili, 17 Agosti

Watu wametoka kanisani, Mzee Mogesi huyo, na fimbo yake. Ng'ombe mmoja kaamka anakohoa. Hajawahi kukohoa maisha yake yote.

Elieth kapiga magoti kuomba msamaha. Mokami naye kasogea, kasema shikamoo vizuri kabisa, halafu kamwuliza mzee: ng'ombe akihesabiwa na mtu aliye mbali, asisikie, je, atakohoa pia? Elieth kamziba mdomo. Mzee kasema mtoto huyu msipomfunga breki atakimaliza kijiji.

Alipoondoka nikamkalisha Mokami. Nilikuwa na aibu, na aibu yangu ikitoka inatoka kama hasira. Nikamwambia kuanzia leo usihesabu mbele ya watu. Ukiulizwa kitu, sema sijui.

Kauliza, hata nikiulizwa na mwalimu?

Nikasema hata na mwalimu, na acha maswali!

Kasema sawa, mjomba. Hajawahi kusema sawa bila kuongeza swali. Nikajiona nimeweza kulea.

Jumanne, 19 Agosti

Elieth karudi naye kutoka shule, hasemi na mimi. Yaliyotokea nimeyapata kwake kidogo kidogo, kama anayetema mbegu.

Mwalimu Scholastica kamwuliza saba jumlisha nane. Sijui. Kampa kitabu asome. Sijui. Kamwuliza siku za wiki. Sijui. Mwisho mwalimu kafunga kitabu, kamwuliza kwa upole kama ana swali lolote yeye mwenyewe.

Kasema hana.

Mwalimu Godwin kacheka mpaka chai ikamwagikia kwenye daftari la mahudhurio. Mokami karudishwa kulekule, dawati la nyuma.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua maharage. Nikamwuliza yale arobaini na moja yako wapi. Kasema ameyaacha. Nikauliza umeyaacha wapi. Kapandisha mabega. Nikasema mimi sikuwa na maana ile. Kaendelea kuchambua. Mabovu huku, mazima kule. Mwendo uleule kama mtu mzima yeyote aliyechoka.

Mimi ndiye niliyeona kwamba mtoto huyu siyo mkorofi. Wa kwanza kuona. Na mimi ndiye niliyemzima. Mwalimu Godwin na fimbo zake zote hakuweza.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimeenda! Nimeupita mlingoti. Magoti yalicheza, nikayaacha yacheze.

Nimemwambia Mwalimu Scholastica yote. Barua ni yangu. Ng'ombe ni mimi. Lile neno sijui nalo ni langu, mtoto nimempa mimi. Nilisema nikiuangalia mguu wa meza.

Hakunipiga. Kanipa kiti. Kasema watu wanadhani watoto wa namna hii wanajiweza wenyewe, waachwe tu, au waonyeshwe kama mbuzi wa mnadani. Wakati wao ndio wanaozimika haraka, maana kila neno unalowaambia wanalishika. Kasema Mokami hahitaji kupimwa sasa hivi. Anahitaji mtu wa kukaa naye na swali, bila kufokewa na bila kupigiwa makofi.

Jumamosi saa nne atakuja nyumbani mwenyewe. Akae naye jikoni tu, wapige hadithi. Nisimwandae mtoto. Nisimwambie mtu. Pasiwe na watu kabisa. Kasema akimkosa safari hii, hajui kama atampata tena mwaka huu.

Nikaitikia ndiyo mara tatu. Njiani nililia kidogo. Vumbi nalo lilikuwepo.

Jumamosi, 23 Agosti

Mwalimu anafika saa nne. Sasa ni saa tatu na nusu. Kila kitu tayari!

Sikumwambia mtu. Nilimwambia Precious tu, kwa sababu ya maandazi ya mwalimu. Na Heche, kwa sababu alinicheka na inabidi aone mwisho wake. Na Mzee Mogesi, hiyo ni heshima, asije akasikia pembeni akakasirika upya. Mzee kasema atakuja na ndugu zake. Mwalimu alisema pasiwe na watu, lakini hawa siyo watu, ni majirani. Nimewaambia wakae kimya kabisa. Makofi mwisho tu.

Jikoni hapatoshi. Nimeazima viti kanisani, nimevipanga uani mistari mitatu. Kiti cha Mokami nimekiweka mbele peke yake, kwenye mwanga, aonekane vizuri. Kumwandaa sikumwandaa. Nimempitisha tu kwenye saba jumlisha nane, mara kumi.

Watu wameanza kuingia. Mokami yuko mlangoni na sare yake, anaviangalia viti. Nimechuchumaa, nimemwuliza kwa upole kabisa, mama, unaonaje, viti vinatosha?

Kawaangalia watu. Kaniangalia mimi. Kasema, "Sijui, mjomba."

Nimeongeza viwili.