Ukucha wa Kuazima

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Daktari wa moyo ameniambia nipange mambo yangu. Nikamuuliza mambo gani. Akatazama dirishani. Nilipombana akataja miezi mitatu, kisha akanisifu kwa utulivu wangu. Sikuwa mtulivu. Nilikuwa nahesabu.

Nina jambo moja tu la kupanga, na umri wake ni miaka hamsini na moja.

Naliandika hapa kwa mara ya kwanza, kwa mwandiko wangu mzuri. Kidani cha mama hakikuibwa na mke wangu. Nilikichukua mimi. Nilikuwa mwalimu kijana, wanafunzi wangu walikuwa na mchezo wa kuigiza, na binti wa mfalme hakuwa na cha kuvaa shingoni. Mama alikuwa safarini. Nikakiazima kwa jioni moja, bila kumwambia mtu. Katika onyesho la pili la mchezo, binti wa mfalme akaanguka kwa majonzi kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Uzi ukakatika. Shanga zikatawanyika jukwaani na kupotelea katikati ya mbao. Watazamaji wakapiga makofi. Kati ya shanga arobaini na tatu niliokota kumi na moja, na hadi leo zimo kwenye kopo la dawa ya kifua.

Mama aliporudi alikuta kijaluba kitupu. Nyumba nzima ilikuwa na mtu mgeni mmoja tu: mke wangu, bi harusi wa miezi mitatu. Hakuna aliyemtaja. Ila mdogo wangu, ambaye ndiye angekivaa siku ya ndoa yake, tangu hapo hakuacha tena mkoba wake karibu na wifi yake. Akija kwetu alikwenda nao hadi msalani. Miaka arobaini na tisa. Mke wangu alikuwa akimwona, na alikuwa akimpakulia chakula.

Mimi mke wangu aliniuliza mara moja tu. "Wewe hukukiona?" Nikasema sikukiona. Nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha pili. Mada ilikuwa uaminifu.

Ni miaka miwili sasa tangu nimzike, na alizikwa na jina la mwizi. Hilo haliwezi kubaki hivyo. Kusema ukweli? Nimelifikiria. Lakini mdogo wangu huniita kaka mwalimu hata mbele ya wauza mboga.

Ipo njia nyingine. Kidani kitapatikana.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimejiunga na darasa la mapambo ya mikono, chumba cha nyuma cha maktaba, Jumatatu na Alhamisi saa nne asubuhi. Wanafunzi tisa. Wote wanawake, wote wanaona vizuri kuliko mimi. Mkufunzi, mama wa makamo mwenye aproni yenye madoa, aliniuliza ningependa kutengeneza nini. Nikasema ninatafuta cha kupitishia muda. Akanijibu kwamba nimefika, mzee, hapa hatuna haraka. Yeye labda hana.

Shanga za kidani kile zilifinyangwa na bibi yetu, mzaa mama, kwa udongo mwekundu. Kila moja aliibonyeza kwa ukucha kabla haijakauka. Hakujua kuandika. Ile ndiyo ilikuwa sahihi yake.

Somo la kwanza, kuviringisha udongo kati ya viganja. Mikono yangu inatetemeka. Mkufunzi kasema mtetemo husaidia. Haukusaidia. Nimepata vitu saba: sita vyenye sura ya maharage, kimoja kama jino la mtoto. Jirani yangu wa meza ni muuguzi mstaafu, mwanamke mnene mwenye vidole vidogo. Kapata shanga ishirini, zote duara, huku akitusimulia upasuaji wa nyonga yake tangu ganzi hadi nyuzi. Aliinamia kazi yangu, akauliza kama hayo ni ya kupanda au ya kula.

Nimempa jina. Bi Sindano.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Siku nne juu ya meza ya jikoni. Binti yangu, ninayeishi naye, amekuwa akila akiwa amesimama. Nimeviringisha shanga mia moja na sitini. Thelathini na mbili zimekubalika, nazo ndizo zinazopungua. Nilizipeleka darasani zikiwa zimeviringwa kwenye kitambaa kibichi, kama maiti wadogo.

Sasa likazuka suala la ukucha. Wangu una unene wa kigae. Niliubonyeza kwenye ushanga wa majaribio, ukapasuka vipande viwili. Mkufunzi hana kucha kabisa, kazi imezila. Nikapima mkono baada ya mkono, kwa kificho, nikijifanya ninaazima mkasi. Ukucha mdogo, mwembamba, uliopinda kama mbegu ya tikiti, sawasawa na alama za bibi, ulikuwa mmoja tu chumbani mle. Wa Bi Sindano!

Nilimwomba. Akajifanya hajasikia ili nirudie na meza nzima isikie. Nikarudia: nakuomba, dada, uniazime ukucha wako. Mwanamke mmoja aliteremsha koleo lake kabisa ili asikilize vizuri.

Akavuta kiti akaanza kubonyeza. Alipofika kumi hivi aliniuliza vifundo vya miguu vimeanza kuvimba lini. Nikamjibu kwamba vifundo ni vyangu. Akabonyeza tatu nyingine. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kama anayo, nimepewa muda gani. Nikamwambia. Hakusema pole. Zile zilizobaki alizibonyeza polepole zaidi, na kila moja aliigeuza kwenye mwanga kabla ya kuiweka chini.

Bado simpendi.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Shanga zimetoka kwenye tanuri la mkufunzi salama, lakini nyekundu mno, zinang'aa kama uso wa ujana. Nimezichovya kwenye chai nzito, nikazisugua kwa majivu na kitambaa cha viatu. Zimezeeka miaka sabini kabla ya saa sita. Mimi ilinichukua muda zaidi.

Kisha msiba. Zile kumi na moja za bibi nilikuwa nimezitenga kwenye kisosi. Bi Sindano, kwa kutaka kunisaidia, akazimimina kwenye bakuli moja na zangu. Nilimtazama kwa jicho nililokuwa nikiwatazamia wanafunzi wachelewaji. Nikavaa miwani. Nikaanza kuzitoa zile za kweli.

Sikuweza. Niligeuza ushanga mmoja mmoja kwa nusu saa. Ukucha ni uleule, rangi ni ileile, tundu ni lilelile. Nilitaka kulia, halafu nikaelewa ninachokitazama. Siku saba tu zilizopita nilikuwa natengeneza maharage! Mkufunzi alisema hajapata mwanafunzi wa namna hii. Nimekuwa mwalimu miaka arobaini na sijui kama niliwahi kumwambia mtu maneno hayo.

Kutunga kulichukua saa tatu. Fundo baada ya kila ushanga, kama alivyofanya bibi. Katikati ya kazi uzi uliniponyoka, shanga zikakimbilia chini ya viti. Wanawake tisa walipiga magoti kuzitafuta. Wakaniletea zote arobaini na tatu. Nilisimama pale katikati na kopo langu, nikizipokea moja moja.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Mdogo wangu anakuja kesho. Kila kitu tayari.

Kidani nimekiweka kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda, nyuma ya karatasi iliyobandikwa ndani. Sanduku hilo ndicho kitu cha kale pekee kilichobaki nyumbani humu ukiniondoa mimi. Nitamwomba anitolee blanketi. Karatasi imebanduka kidogo upande mmoja, ataona uzi, atavuta. Kitakuwa kiliponyoka humo tulipohama, kwa bahati mbaya, hakuna mwenye kosa. Jina la marehemu safi, jina langu safi. Sioni tundu popote.

Nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo. Namna ya tatu ndiyo bora: mkono kifuani, mdomo wazi kidogo. Binti yangu alinikuta nayo akakimbilia simu kumwita daktari.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Naandika polepole. Mkono mzito.

Alifika saa tisa. Tukazungumza habari za dawa, za wajukuu, za mjukuu wake anayeolewa mwisho wa mwezi ujao. Mkoba ulikuwa mapajani mwake. Mke wangu hayupo duniani, na mkoba bado uko mapajani.

Nikaomba blanketi. Alipiga magoti, magoti yakalia, akalivuta sanduku. Nikasikia karatasi.

Alipogeuka alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Akatia ukucha wake kwenye alama ya ushanga mmoja, halafu wa pili, halafu wa tatu. Akasema, "Bibi huyu." Machozi yakamtoka. Mkono wangu ulikuwa kifuani tayari, mdomo wazi kidogo.

Kisha akakitazama kifuniko cha sanduku. Fundi rangi alikuwa ameandika juu yake, kwa rangi nyeupe ambayo haijafutika, jina la mke wangu na tarehe ya ndoa yetu. Kaka zake wanne walilibeba hadi mlangoni kwetu.

"Nilijua," alisema mdogo wangu. "Miaka yote hii, kaka, nilijua."

Lilikuwa sanduku la mke wangu. Nimelipangusa vumbi kila Ijumaa kwa miaka miwili kwa sababu lilikuwa lake. Na nilipotafuta mahali pa kukiweka, niliona sanduku tu.

Basi nikasema. Yote, bila mazoezi. Binti wa mfalme, mbao za jukwaa, kopo la dawa ya kifua, insha za kidato cha pili, maktaba, tanuri. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akanishika mkono kama mtu anavyomshika mgonjwa.

"Kaka mwalimu," alisema. "Wewe ambaye hujawahi kusema uongo. Umempenda mpaka umejifunza uzeeni."

Nikamwambia ni kumi na moja tu zilizo za bibi. Akasema haya, nionyeshe. Nilivaa miwani. Nilichukua na kioo cha kukuzia. Nilizigeuza arobaini na tatu zote juu ya blanketi, na yeye akanisubiri bila kunikatiza, na mwishowe nikanyooshea kidole mmoja niliokuwa na hakika nao. Akaulinganisha na wa jirani yake. Akasema kwa upole kwamba ukucha ni mmoja. Nikamweleza kuwa ukucha ule ni wa muuguzi mstaafu. Akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu za mchana.

Kisha akasema kwamba kwa ajili yangu amemsamehe wifi yake. Akainuka kwenda msalani. Mkoba aliuacha kitandani.

Nimeutazama mkoba ule. Mweusi, kifungio kimelegea, leso imechungulia. Mke wangu aliungoja miaka arobaini na tisa, na sasa umekaa kwenye upande wake wa kitanda kwa sababu ameonekana mwizi wa kusamehewa. Pale ndipo palikuwa pa kupiga kelele, kumfuata, kugonga mlango.

Nilimsikia jikoni akimwambia binti yangu kwamba mwanamume kama kaka hazaliwi mara mbili. Hili nalo nitaliandika, maana nimeahidi kuandika yote. Nilifurahi.

Ameondoka na kidani. Atakivaa kwenye harusi ya mjukuu wake. Na akiulizwa kilikuwa wapi, atasema.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Nimekwenda darasani. Binti yangu alinisindikiza hadi mlangoni, ngazi tatu, tukipumzika kwenye kila moja.

Bi Sindano aliuliza mambo yalikwendaje. Sijui kwa nini nilimwambia. Alisikiliza huku akifunga pete za sikio, kisha akaweka koleo chini. "Mwandikie barua," alisema. "Moja tu, mzee. Weka sahihi, mimi nitaipeleka kwa miguu yangu hii na nitamwonyesha ukucha wangu."

Wazo la kawaida. Barua inaweza kutiliwa shaka, na mdogo wangu ataona tena ni mapenzi. Tena mwandiko wangu siku hizi unatetemeka. Nimemweleza kwa subira kwamba mambo ya aina hii yanataka mpango.

Na mpango ninao. Nitatengeneza kidani cha pili. Shanga arobaini na tatu, zote mpya, nzuri kuliko za kwanza, maana sasa nina uzoefu. Kitapatikana kwenye stoo ya mavazi ya maigizo ya shule yangu ya zamani. Mwalimu mkuu wa sasa nilimfundisha hesabu, hatanikatalia kuchungulia. Mdogo wangu ataona kwamba kile ndicho cha kweli, na kwamba hiki cha sandukuni marehemu alikitengeneza kwa siri, kwa mikono yake, ili amfidie wifi yake kitu ambacho hakuiba. Atalia kwa haya. Marehemu atang'ara. Mimi sitatajwa. Nimetafuta tundu tangu alfajiri, sijaliona.

Nimeshachukua udongo. Kilo mbili, kwa tahadhari.

Kizuizi kimoja. Bi Sindano alinionyesha vidole vyake: Jumamosi alikata kucha zote, hadi nyamani. Nimemwomba azifuge. Alinitazama kwa muda mrefu, usoni, halafu kwenye vifundo, halafu usoni tena. Akasema itachukua wiki tatu, zikifanya haraka.

Daktari alisema miezi mitatu. Muda upo.