Ringi Iliyochuja Jua

Jumatatu, 4 Machi

Nimeduwaa! Mimi, niliyewahi kusimamisha trekta kwa mkono mmoja! Nilikuwa karakanani kwa shemeji, mume wa mdogo wangu, fundi televisheni, nikimsaidia bila kuombwa. Nikabandua utando wa plastiki kwenye kioo cha televisheni mbovu. Mweusi kidogo, kama miwani ya jua. Nikaukata vipande viwili, nikavipandanisha, nikachungulia dirishani. Nikazungusha kimoja. Jua likazimika! Nikazungusha tena. Likawaka! Nilipiga yowe hadi jirani akaja mbio na mti mkavu, akidhani nimenaswa na umeme.

Shemeji hakushtuka. Alisema kila kioo cha simu kinafanya kazi hivyo hivyo, tangu zamani. Wivu. Nikabandika selotepu katikati ya vile vipande, tabaka juu ya tabaka. Lahaula! Kila nikizungusha, njano, zambarau, machungwa. Na selotepu yenyewe haina rangi! Shemeji akakohoa, akaniomba nimrudishie selotepu yake.

Jumanne, 5 Machi

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na jua la mchana linampiga machoni mpaka kichwa kinamgonga. Sasa amepata kazi ya maana: makoti ya wabebaji wa jeneza, bluu iliyokolea, kwa mwenye duka la majeneza. Yatavaliwa Jumamosi kwenye mazishi ya mkubwa mmoja. Yakipendeza, sare zote za pale atashona yeye, na kazi ya kuweka viraka kwenye suruali za watu itakuwa basi. Nikamwambia suala la jua aniachie mimi.

Kipande kimoja cha utando na selotepu zake nimekibandika kwenye kioo cha dirisha la chumba chake cha kushonea. Cha pili nimekiwamba kwenye ringi ya baiskeli, nikaitundika mbele yake. Pembeni nimeziba kwa maboksi. Ukizungusha ringi, unachagua jua la rangi uitakayo! Mke wangu alisimama mlangoni, akaniambia, "Baba watoto, mwache mwenzako afanye kazi." Wavumbuzi wote wana wake wa namna hii.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi! Leo nimeweka rangi ya machungwa. Chumba kizima ni kama umeingia ndani ya chungwa. Mlango nimeufunga, jua lisilochujwa lisije likaingia. Mdogo wangu amekiri macho hayamuumi. Akiwa ameinamia cherehani, akaniomba nimpe jora la bluu la kukatia mikono ya makoti. Majora yalikuwa mawili, yote meusi tititi katika mwanga wangu. Nikachukua la karibu. Aliuliza, "Kaka, una hakika ndilo?" Nikamjibu nilijua vitambaa kabla yeye hajajua kutambaa.

Akakata. Akashona mpaka jioni. Nikamkataza kugusa ringi.

Ijumaa, 8 Machi

Siamini macho yangu. Mwenye majeneza alikuja kuchukua makoti. Akavaa moja, akatoka nje kujitazama. Nikamfuata. Kiwiliwili bluu, mikono kijani! Yote! Mdogo wangu aliketi sakafuni, mkasi mkononi. Mwenye majeneza alisema marehemu alikuwa mtu mzito, hawezi kubebwa na kasuku. Alisema kesho asubuhi asipoona bluu, atamtafuta fundi mwingine na atabaki naye huyo huyo.

Mimi sikuyumba. Nikamwomba arudi ndani, nikafunga mlango, nikamwambia ajitazame upya. Koti lote jeusi, la heshima kabisa! Alijitazama mbele na nyuma. Kisha akauliza kama waombolezaji wote tutawaleta humu ndani, pamoja na kaburi. Nikamjibu tatizo ni nafasi tu.

Mdogo wangu alinirushia mto wa pini. Pini zilikuwamo.

Shemeji aliing'oa ringi. Yeye na mke wangu wakakaa mlangoni, kwenye jua la kishamba lisilochujwa, wakifumua mikono ya kijani. Mdogo wangu akakata mingine. Mimi nilikatazwa kugusa chochote chenye rangi. Nimechemsha maji, na hata hayo waliyatazama mara mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Wamemaliza! Ila bluu imepungua, koti moja limebaki na mikono ya kijani. Mwenye majeneza aliyakagua mengine juani, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Kisha akasema hilo moja litavaliwa na aliyekileta hicho kijani. Macho yote kwangu!

Basi nimebeba jeneza, kona ya nyuma. Watu walinitazama mimi kuliko marehemu. Mjane aliniuliza kwa kunong'ona kama mimi ndiye mkubwa wa wabebaji. Nikamwambia ndiyo, mama, wa kanda nzima.

Mdogo wangu amepewa sare zote. Kwa sharti moja: mimi nisikanyage kule dukani kwa majeneza, wala kwenye chumba chake cha kushonea. Mdogo wangu alikubali kabla yule bwana hajamaliza kusema. Nimekufa ganzi! Damu moja!

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Ringi haikukosea. Kosa ni la yule bwana kutoka nje. Ningekuwa nimefunika mtaa mzima, makoti yangekuwa meusi mpaka makaburini na mdogo wangu asingeketi sakafuni. Kwa hiyo dawa ni utando mkubwa zaidi. Na televisheni kubwa kuliko zote katika ukoo wetu iko sebuleni kwa shemeji. Wakiwa jikoni, nimeubandua utando wake taratibu, kitaalamu.

Wameiwasha sasa hivi, kuna mechi. Kioo cheupe pee! Sauti ipo, wachezaji hawapo. Shemeji anakipiga kioo makofi. Mdogo wangu amefunika mdomo. Mimi, nikiuweka utando mbele ya uso, nauona uwanja wote, mpaka nyasi! Naandika kwa mkono mmoja. Nimewaambia wasihofu, nitawatangazia. Bao! Nimewaambia ni bao. Hakuna anayeshangilia. Shemeji ameniuliza, polepole mno, nimeshika nini.

Jamani! Nimevumbua televisheni ya mtu mmoja! Na kule dukani kwa mwenye majeneza ipo kubwa kuliko hii. Kesho naenda.