Mbili Kabla ya Moja

Jumatano, 4 Machi
Kompyuta kuukuu ya nyumbani imegoma kuwaka. Skrini nyeusi, feni inavuma tu. Na humo ndani ndimo ilimo sauti ya marehemu mama, tuliyoirekodi siku niliponunua maikrofoni. Nakala nyingine hakuna. Dada yangu anakuja Jumapili kuisikia. Nilimwahidi mwenyewe, tena kwa kujigamba.

Mke wangu kashauri tumwite Fundi Simu, jirani wa duka letu la fotokopi. Nimekataa katakata. Fundi huyo aliwahi kuniuliza, mbele ya wateja, kama CD bado zinatumika duniani.

Nitaiwasha kompyuta kwa CD ya Linux, mfumo wa bure unaoweza kuendesha kompyuta kutoka kwenye CD, nichukue sauti, basi. Linux ninayo! Niliipakua enzi za mkahawa wa intaneti, vipande sita, kila siku kipande kimoja, maana flashi yangu haikuweza kubeba zaidi.

Alhamisi, 5 Machi
Vipande nimevipata ndani ya kopo la biskuti, vyote kwenye CD moja yenye mwandiko wangu wa ujana. Nimekaa nikiitazama. Mkahawa ule! Viti vya plastiki, kibodi zilizofutika herufi, na msichana wa kaunta aliyeniongezea dakika bila kuombwa. Nimeukumbuka sana. Msichana mwenyewe siku hizi ndiye anayenituma kwa Fundi Simu.

Vipande nilivipa majina ya Kiswahili: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Wenzangu walitumia tarakimu. Mimi nilikuwa na uzalendo. Nimeiamuru kompyuta ya dukani iviunganishe vyote kwa mpigo, nikachoma CD. Kompyuta kuukuu, niliyoileta dukani: giza. Nikachoma nyingine. Giza vilevile. Fundi Simu kapita, kauliza kama sasa tunauza visahani.

Ijumaa, 6 Machi
Nimegundua! Kompyuta haijui kuhesabu kwa Kiswahili. Imevipanga vipande kwa alfabeti: mbili, moja, nne, sita, tano, tatu. Linux yangu imevaa viatu kabla ya soksi.

Nimeviunganisha upya, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio wa darasa la kwanza. Nikachoma. Giza. Nikaichungulia ile CD: ndani yake limekaa faili moja kubwa, peke yake, kama mgeni aliyefika sherehe siku siyo. Kumbe nilichoma faili lenyewe kama barua ya mteja. Kwenye programu kuna sehemu maalumu ya kuchomea picha ya diski, yaani nakala ya diski nzima; ndiyo inayofanya CD iwashe kompyuta. Enzi zile niliijua. Nimesahau.

Nimeanza kuogopa. Hata namna mama alivyokuwa akiniita sijui kama naikumbuka sawasawa. Nimetoka kwenda kununua CD nyingine.

Jumamosi, 7 Machi
Imewaka! Maandishi meupe yakashuka mbio, kama enzi zile. Nilitaka kumwita mtu yeyote aje aone.

Kisha Linux ikaniuliza nataka kuisakinisha wapi, maana haioni diski yoyote. Nimeitukana. Nimeifungua kompyuta. Nafasi ya diski ni tupu.

Mke wangu, bila kuinua macho kwenye mashine ya fotokopi, kasema diski aliipeleka kwa Fundi Simu jana, nilipokwenda kununua CD. Kazi ilikwisha kabla sijarudi. Sauti sasa imo kwenye simu ya mke wangu, nikitaka kuisikia. Nimesema nitasubiri Dada. Nimenuna kutwa nzima, na ukweli ni kwamba nimefurahi mno.

Jumapili, 8 Machi
Dada kafika. Tumeketi watatu, simu mezani. Kwanza kicheko. Halafu mama, wazi kabisa, kana kwamba yuko chumba cha pili: "Umeifungua tena hiyo pasi yangu? Iache, baba. Mpelekee fundi."

Dada kacheka hadi machozi. Mimi nimelia bila kupitia kicheko. Ni yeye kabisa. Ndivyo alivyokuwa akiniita, "baba", na sauti ikishuka mwishoni. Tumeirudia mpaka mke wangu akasema tuiache simu ipumzike.

Sasa wao wawili wametoka kwenda kumshukuru Fundi Simu. Mimi nimebaki. Sauti ni nzuri, ila ina mkwaruzo kidogo, na bila shaka ni spika ya hiyo simu. Bisibisi ndogo nimeipata. Skrubu ya kwanza imetoka vizuri. Ya pili sijui imeangukia wapi.